Edgar Sengier: Mhandisi aliyeshika funguo za shaba, kobalti na tindikali ya Katanga

EDGAR Sengier hakuwa mfalme, gavana wala jenerali. Alikuwa mhandisi wa migodi kutoka Ubelgiji, mtu wa ofisini na wa mahesabu, ambaye jina lake halikujulikana na wengi wa wale waliochimba mawe kwa faida ya kampuni yake. Hata hivyo, kwa miongo kadhaa ya karne ya 20, ni watu wachache mno duniani waliokuwa na usemi mkubwa kuliko wake kuhusu shaba, kobalti na urani ya Katanga, kusini-mashariki mwa Congo.

Huenda mkazi wa Garsen, katika Kaunti ya Tana River, akajiuliza mambo ya Katanga yanamhusu nini. Jibu lake halipo mbali. Waya unaosambaza umeme ndani ya nyumba kwa kawaida ni wa shaba. Betri za simu nyingi zinazouzwa madukani zina kobalti. Nayo maji makali yanayotiwa katika betri ya matatu, au ya paneli ya sola, ni asidi ya salfuriki iliyozimuliwa, ile ambayo Waswahili huiita tindikali. Vitu hivi vitatu vilikutanishwa Katanga kwa kiasi kikubwa katika enzi ya Sengier, na havijaachana hadi leo.

Sengier alizaliwa tarehe 9 Oktoba 1879 katika mji wa Kortrijk, magharibi mwa Ubelgiji. Alisomea uhandisi wa migodi katika Chuo Kikuu cha Leuven na kuhitimu mwaka 1903. Wakati huo Congo ilikuwa bado milki binafsi ya Mfalme Leopold wa Pili, na habari za ukatili wa uvunaji wa mpira zilikuwa zimeanza kuenea Ulaya na Marekani. Mwaka 1908 serikali ya Ubelgiji ililazimika kuitwaa nchi hiyo kutoka mikononi mwa mfalme na kuifanya koloni lake.

Shaba ilijulikana Katanga kabla ya Sengier kuzaliwa

Ni kosa kudhani kwamba shaba ya Katanga ilivumbuliwa na Wazungu. Kwa karne nyingi kabla ya hapo, mafundi wenyeji walikuwa wakichimba jiwe la kijani liitwalo malakiti, wakiliyeyusha katika tanuri za udongo kwa makaa na mivukuto, kisha wakimimina shaba katika vifinyango vyenye umbo la msalaba. Misalaba hiyo ilitumika kama fedha katika biashara na katika mahari, na ilisafiri mbali sana na mahali ilikofuliwa.

Utajiri huo ndio uliomvuta Msiri, mfanyabiashara kutoka nchi ya Unyamwezi katika Tanzania ya leo, aliyehamia Katanga katikati ya karne ya 19 na kujijengea ufalme wenye makao yake Bunkeya. Misafara yake ilipeleka shaba, pembe za ndovu na watumwa hadi pwani za bahari mbili, Hindi na Atlantiki. Tarehe 20 Desemba 1891 Msiri aliuawa kwa risasi na afisa wa msafara uliotumwa na Mfalme Leopold, msafara ambao wapagazi wake wengi walikuwa Waswahili kutoka pwani ya Afrika Mashariki. Tangu siku hiyo, funguo za shaba zikabadili mikono.

Muda mfupi baadaye, mwanajiolojia Jules Cornet alipita katika nchi hiyo na kuthibitisha kwamba madini yaliyokuwamo yalikuwa mengi kupita kiasi. Mwaka 1906 iliundwa kampuni ya Union Miniere du Haut-Katanga, ikiungwa mkono na mtaji wa Ubelgiji na Uingereza. Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na mwaka 1911 tanuri ya kwanza ikaanza kumimina shaba.

Ni mwaka huo huo wa 1911 ambapo Sengier, akiwa na umri wa miaka 31, alijiunga na kampuni hiyo. Vita Kuu ya Kwanza vilipozuka mwaka 1914, nchi yake ilivamiwa na Ujerumani, naye akawa miongoni mwa Wabelgiji waliofanya kazi London katika tume ya kuwapelekea chakula wananchi waliokuwa chini ya uvamizi. Wakati huo huo shaba ya Katanga ilikuwa ikitumiwa na Uingereza kutengeneza maganda ya risasi na mizinga. Kutokana na hayo Sengier alijifunza jambo ambalo halikumtoka tena akilini: kwamba vita vinapoanza, mwenye madini ana nguvu kuliko mwenye ardhi, na kwamba madini yaliyobaki upande wa adui hayana faida.

Kwa nini tindikali ilihitajika

Tanuri za kwanza zilitegemea mawe yenye shaba nyingi na makaa yaliyoletwa kwa reli kutoka Wankie, katika Zimbabwe ya leo. Lakini mawe tajiri hayakuwa na wingi usiokwisha. Chini na kando yake kulikuwa na mamilioni ya tani za mawe yenye shaba kidogo, iliyoshikamana na mchanga na udongo. Kuyatia hayo tanurini kulikuwa sawa na kuchoma mlima mzima ili kupata kikapu cha shaba. Gharama ya makaa pekee ingemeza faida yote.

Hapo ndipo kemia ilipochukua nafasi ya moto. Mawe ya aina ya malakiti huyeyuka kwa wepesi ndani ya asidi ya salfuriki iliyozimuliwa. Yakisagwa na kulowekwa, shaba huachana na jiwe na kuingia katika maji, yakageuka rangi ya samawati iliyokolea. Maji hayo ni mrututu, kitu ambacho wakulima na matabibu wa kale wa pwani walikijua vyema. Umeme ukipitishwa ndani ya mrututu huo, shaba safi hujishikiza kwenye bamba kama kutu inavyojishikiza kwenye chuma, isipokuwa hii ni kutu ya thamani.

Uzuri wa njia hiyo ni kwamba umeme unapoitoa shaba majini, asidi huzaliwa upya na kurudishwa kuloweka mawe mengine. Lau mawe yote yangekuwa mchanga mtupu, kiwanda kingehitaji asidi kidogo tu ya kuanzia. Lakini mengi ya mawe ya Katanga yamechanganyika na chokaa na dolomiti, na hayo huila asidi bila kutoa shaba yoyote. Asidi iliyoliwa ni lazima ijazwe tena kila siku. Kwa hiyo, asiyekuwa na tindikali hakuwa na shaba.

Mwaka 1929 kiwanda cha kuloweka mawe na kutoa shaba kwa umeme kilianza kazi Shituru, karibu na Panda, katika mji ulioitwa baadaye Jadotville na ambao leo ni Likasi. Umeme wake ulitoka kwenye maporomoko ya Mwadingusha katika Mto Lufira, ambako bwawa na mitambo vilikamilika mwaka 1930. Asidi ilitengenezwa na kampuni tanzu ya kemikali iliyojulikana kama Sogechim. Salfa yake ilipatikana kutoka kwa mawe ya mgodi wa Kipushi, ambayo, tofauti na malakiti, yalibeba shaba iliyofungamana na salfa. Yalipochomwa yalitoa moshi mkali unaokaba koo, na moshi huo ndio uliogeuzwa kuwa asidi.

Kanuni ya kutengeneza asidi hiyo haijabadilika sana tangu wakati huo. Salfa, ambayo kamusi za Kiswahili huiita kibiriti upele, huunguzwa na kutoa gesi. Gesi hiyo husafishwa, kisha hupitishwa katika tabaka za kichocheo cha vanadi, kwenye joto la nyuzi zaidi ya 400, ambako hukamata oksijeni zaidi. Haimwagwi majini moja kwa moja, kwani ingegeuka ukungu hatari usioshikika. Huingizwa ndani ya asidi kali iliyokwisha kutengenezwa, ndipo ikazimuliwa kwa maji hatua kwa hatua. Tani moja ya salfa hutoa takriban tani tatu za asidi. Ndiyo sababu mwenye busara husafirisha salfa, ambayo ni unga au mapande makavu, na kutengeneza asidi pale pale inapotumika.

Kobalti, ambayo katika mawe ya Katanga huambatana na shaba, ni kaidi zaidi. Sehemu yake kubwa haikubali kuyeyuka kwa asidi pekee, bali huhitaji kulegezwa kwanza, na kitu kimojawapo kinachoilegeza ni ile ile gesi ya salfa. Kwa sababu hiyo kiwanda cha asidi huihudumia kobalti mara mbili: kwa gesi yake na kwa asidi yenyewe. Kabla ya Vita Kuu ya Pili, Congo ilikuwa tayari miongoni mwa nchi zilizoongoza ulimwenguni kwa kutoa kobalti, iliyotumiwa katika sumaku, katika vyuma vya kukatia vyuma vingine na, baadaye, katika injini za ndege.

Sengier alipopanda hadi kilele cha uongozi wa Union Miniere katika miaka ya 1930, alirithi kampuni iliyokuwa na reli, mabwawa, migodi, hospitali, shule na viwanda vya kemikali. Ilikuwa kama serikali ndani ya serikali. Aliiongoza kutoka Brussels, mbali na vumbi la Katanga.

Watu nyuma ya mitambo

Mitambo hiyo haikujiendesha. Katika miaka ya mwanzo kampuni iliwakusanya wanaume kutoka vijiji vya mbali kwa njia zilizokaribia sana kulazimishwa, na wengi walikufa kwa maradhi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilibadili sera. Badala ya kuwaleta wanaume kwa miezi michache na kuwarudisha, iliwaruhusu kuja na wake zao na kuishi katika kambi za kudumu karibu na migodi. Watoto waliozaliwa humo walisomeshwa ili wawe wafanyakazi wa kesho. Haikuwa huruma tupu. Mfanyakazi aliyezoea mitambo na asidi alikuwa na thamani kubwa kuliko mgeni wa kila msimu.

Watu hao walitoka Kasai, Ruanda-Urundi, Rhodesia ya Kaskazini na kwingineko, kila mmoja na lugha yake. Lugha iliyowaunganisha ikawa Kiswahili, kilichokuwa kimefika mapema na misafara ya biashara kutoka mashariki na ambacho wasimamizi nao walikipendelea. Ndipo kikazaliwa Kiswahili cha Katanga, kinachozungumzwa hadi leo Lubumbashi, Likasi na Kolwezi. Mswahili wa Lamu au Kipini akikisikia atatabasamu, lakini ataelewa mengi.

Vita Kuu ya Pili viliongeza mzigo. Washirika wa vita walihitaji shaba na kobalti zaidi na zaidi, bei za bidhaa zikapanda, lakini mishahara ya wafanyakazi Waafrika haikupanda kwa kiasi hicho. Mnamo Desemba 1941 wafanyakazi waligoma Jadotville na Elisabethville. Wanajeshi wa kikoloni waliitwa, wakafyatua risasi, na makumi ya wagomaji wakauawa, wengi wao wakiwa wamekusanyika katika uwanja wa mpira wa Elisabethville. Sengier wakati huo alikuwa New York. Damu hiyo ilimwagika katika kampuni aliyoiongoza, na hakuna wasifu wake unaokamilika bila kuitaja.

Shehena ya siri

Sengier alikwenda New York kwa sababu ya jiwe jingine. Shinkolobwe, si mbali na Jadotville, kulikuwa na mgodi uliogunduliwa mwaka 1915 wenye urani tajiri kuliko mahali pengine popote palipojulikana. Kwa miaka mingi kilichotakiwa katika mawe hayo kilikuwa radi, iliyotumiwa kutibu saratani na kupaka mishale ya saa ili ing'ae gizani. Urani yenyewe ilikuwa kama makapi. Mgodi ulifungwa mwaka 1937, nao ukajaa maji.

Mnamo Mei 1939, mwanasayansi Mwingereza Henry Tizard alikutana na Sengier London na kumtahadharisha kwamba bidhaa aliyokuwa nayo ingeweza kuleta maangamizi endapo ingeangukia mikononi mwa adui. Siku chache baadaye wanasayansi wa Ufaransa, akiwamo Frederic Joliot, walimfikia na mpango wao wa kufanya majaribio. Sengier hakuwa mwanafizikia, lakini alielewa kwamba wakubwa hawamfuati mtu kwa ajili ya makapi.

Ujerumani ilipoivamia Ubelgiji mwaka 1940, Sengier alikuwa amekwisha kuhamia Marekani. Bila kusubiri kuombwa na serikali yoyote, aliagiza zaidi ya tani 1,000 za mawe ya urani zisafirishwe kutoka Shinkolobwe hadi bandari ya Lobito, Angola, na kutoka huko hadi New York. Mapipa yalihifadhiwa katika ghala la Staten Island. Alijaribu kuwaeleza maafisa wa Marekani walichokuwa nacho mlangoni, lakini kwa muda mrefu hakusikilizwa.

Tarehe 18 Septemba 1942, Kanali Kenneth Nichols, mmoja wa wasimamizi wa mradi wa siri wa bomu la atomiki, aliingia ofisini kwa Sengier. Kufumba na kufumbua, mapatano yaliandikwa kwenye karatasi ya kawaida. Marekani ilinunua shehena ya Staten Island pamoja na mawe mengine yaliyokuwa yamerundikwa Shinkolobwe. Wahandisi wa jeshi la Marekani walitumwa kuufufua mgodi, na Wacongo wakarudi kuchimba na kupakia mawe hayo bila kuelezwa madhara ya mnururisho wala mwisho wa safari yake.

Mwisho wa safari ulikuwa Agosti 1945, pale mabomu yalipoangushwa Hiroshima na Nagasaki nchini Japani. Sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa katika mradi huo ilitoka Congo. Mwaka 1946 Sengier alitunukiwa Nishani ya Ustahili ya Marekani, heshima iliyokuwa nadra kwa raia wa kigeni. Sababu kamili haikutangazwa waziwazi wakati huo. Madini mapya yenye urani na shaba yaliyopatikana Katanga yakaitwa sengierite kwa heshima yake. Wachimbaji wa Shinkolobwe hawakupewa nishani.

Mwisho wa enzi

Sengier aliacha uongozi wa kila siku mwishoni mwa miaka ya 1940, lakini aliendelea kuketi katika vikao vya juu vya kampuni hadi mwaka 1960. Mwaka huo ndio mwaka ambao Congo ilipata uhuru, tarehe 30 Juni. Siku 11 baadaye, Moise Tshombe alitangaza kujitenga kwa Katanga, na Union Miniere ikaanza kuilipa serikali yake kodi na mapato ambayo yangekwenda Leopoldville. Bila fedha hizo, utengano huo usingeweza kusimama hata kwa msimu mmoja.

Waziri Mkuu Patrice Lumumba, aliyepinga kugawanywa kwa nchi, alikamatwa, akapelekwa Katanga na kuuawa kwa risasi usiku wa tarehe 17 Januari 1961. Ili lisibaki kaburi la kuhijiwa, maafisa wa polisi Wabelgiji walifukua mwili wake, wakaukatakata na kuuyeyusha katika asidi ya salfuriki. Katika nchi ya viwanda vya shaba, kimiminika hicho hakikuwa adimu. Kitu kilichotengenezwa ili kutoa utajiri kutoka kwa mawe kilitumika kufuta mwili wa mtu. Kilichosalia kilikuwa jino lililofunikwa kwa dhahabu, ambalo mmoja wa maafisa hao alilichukua. Ubelgiji ililirejesha kwa familia ya Lumumba mnamo Juni 2022, zaidi ya miaka 61 baadaye.

Hakuna ushahidi unaomhusisha Sengier mwenyewe na tendo hilo. Alikuwa mzee aliyestaafu. Lakini mfumo alioujenga, ambamo kampuni moja ilikuwa na nguvu kuliko taifa, ndio uliotoa fedha zilizoifanya Katanga iwe mahali ambapo hayo yangewezekana. Utengano wa Katanga ulikomeshwa na majeshi ya Umoja wa Mataifa mnamo Januari 1963. Miezi sita baadaye, tarehe 26 Julai 1963, Edgar Sengier alifariki Cannes, kusini mwa Ufaransa, akiwa na umri wa miaka 83.

Alichokiacha

Mwanzoni mwa mwaka 1967, Rais Mobutu Sese Seko alitaifisha mali ya Union Miniere nchini Congo, na kampuni iliyorithi ikaja kujulikana kama Gecamines. Kwa muda mambo yalikwenda vyema. Katikati ya miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka. Kisha fedha zikafujwa, mitambo ikachakaa, na mgodi mkubwa wa Kamoto ukaporomoka mwaka 1990. Katika muongo uliofuata uzalishaji ulianguka hadi chini ya sehemu moja ya kumi ya kiwango hicho.

Tangu miaka ya 2000, makampuni kutoka China, Uswisi, Canada na kwingineko yameifufua Katanga, na kufikia mwaka 2024 Congo ilikuwa ikitoa zaidi ya tani milioni tatu za shaba kwa mwaka, ikiwa ya pili duniani baada ya Chile. Kobalti yake ni zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia. Njia inayotumika katika migodi mingi ni binti wa ile ya Shituru: mawe husagwa, hulowekwa kwa asidi, kisha umeme hutoa shaba.

Kiu ya tindikali nayo imekua. Viwanda kama kile cha Tenke Fungurume huunguza salfa inayoagizwa kutoka nje, nyingi yake ikiwa mabaki ya usafishaji wa mafuta na gesi katika nchi za Ghuba. Hupakuliwa katika bandari kama Dar es Salaam na kubebwa kwa malori kupitia Zambia. Asidi nyingine imekuwa ikiletwa ikiwa tayari, kutoka kwa tanuri za Zambia ambazo hunasa moshi wake badala ya kuuachia hewani. Kwa njia hii moshi uliokuwa sumu kwa jirani huwa bidhaa ya kuuza.

Lakini safari hizo zina hatari zake. Mnamo Februari 2019, lori lililobeba asidi liligongana na magari mengine katika barabara ya kati ya Lubumbashi na Kolwezi, na watu wapatao 20 wakafa, baadhi yao wakiunguzwa na shehena. Tarehe 18 Februari 2025, bwawa la taka zenye asidi la mgodi mmoja wa shaba karibu na Chambishi, Zambia, lilibomoka. Mamilioni ya lita zilimwagika katika mito inayoingia Mto Kafue. Samaki walielea wakiwa wamekufa, mazao ya kandokando yakanyauka, na mji wa Kitwe ukakatiwa maji ya mfereji.

Habari ya Kafue haihitaji ufafanuzi kwa watu wa Garsen, Hola na Ngao. Mpokomo anayelima ndizi, maembe na mpunga kwenye kingo za Tana, Muorma anayeshusha ng'ombe mtoni wakati wa kiangazi, na mvuvi wa delta, wote wanategemea mto mmoja unaoanzia mbali, katika Mlima Kenya na Aberdare. Linalotendeka juu ya mto huwafikia walio chini. Anayeishi mwisho wa mto hula matunda au sumu ya maamuzi yaliyofanywa na asiowajua.

Uganda nayo ina funzo lake. Mgodi wa shaba wa Kilembe uliacha Kasese kilima cha mawe ya chuma na salfa yenye kobalti. Mvua ilipoyanyeshea, yalijitengenezea tindikali yenyewe, ikatiririka na kuua nyasi katika Mbuga ya Malkia Elizabeth, kuelekea Ziwa George. Baadaye, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, kiwanda kilijengwa Kasese ambacho kiliwatumia vijidudu wasioonekana kwa macho kuyala mawe hayo ndani ya matangi. Vijidudu walizalisha asidi, asidi ikaitoa kobalti, na uchafu uliokuwa ukiharibu mbuga ukawa mali. Asidi ni ile ile. Kilichotofautiana ni kama kulikuwa na mtu aliyewajibika nayo.

Hicho ndicho kipimo cha maisha ya Edgar Sengier pia. Alikuwa mhandisi hodari na mwenye kuona mbali. Aliona thamani ya madini kabla serikali hazijaiona, na akahakikisha kwamba meli zinang'oa nanga kwa wakati. Lakini hesabu zake ziliandikwa Brussels na New York, na katika safu zake hapakuwa na nafasi ya mgomaji wa Elisabethville, mchimbaji wa Shinkolobwe wala mkazi wa mtaa uliopokea moshi. Mnamo Februari 2025 serikali ya Congo ilisimamisha uuzaji wa kobalti nje, na mnamo Oktoba mwaka huo ikaweka viwango maalumu vya kiasi kinachoruhusiwa kuuzwa, ikitaka bei iamuliwe pia na mwenye ardhi. Zaidi ya miaka 60 baada ya kifo cha Sengier, swali la nani ashike funguo za Katanga bado linatafutiwa jibu.